Kakakuona Aliyechagua Maji

Nimechoka kuitwa Bwana Misitu. Jina lilinifaa zamani, nilipokuwa na msitu. Sasa katika kijiji changu cha kazi, upande wa Kolo, nimebakiwa na kipande cha mlimani tu, na hicho nacho nakilinda kwa maneno.

Sheria ndogo ya kijiji ilikataza kulima na kuchoma mkaa msituni. Kisha mkutano ukairekebisha: bondeni palimwe alizeti, juu pahifadhiwe. Nilisimama nikapinga. Nikaeleza kwamba vichuguu viko bondeni, na ndiko kakakuona, mnyama aliye karibu kutoweka, anakopata mchwa. Wakanipigia makofi, halafu wakanyoosha mikono kukubali marekebisho. Hakuna kifungu kilichosema wanyama waondoke. Akufukuzaye hakwambii toka.

Trekta likaingia. Siku chache baadaye mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu, sauti imejaa furaha. "Bwana Misitu, njoo haraka, tumepata mgeni!"

Nilimkuta kakakuona uwanjani, mbele ya ofisi ya kijiji, amejikunja, magamba yamejaa vumbi. Wazee walishampangia vitu kama desturi inavyotaka: ungo wa mtama, bakuli la maji, jembe, panga. Atakachokiendea ndicho kitakachotawala mwaka. Akajikunjua taratibu, akaupita mtama, akalipita jembe, akaenda kwenye maji.

Vigelegele vikalipuka. Mvua! Mama mmoja mzee, aliyeleta lile bakuli, akanisogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona umenuna?"

"Huyu hakuleta mvua, mama. Ana kiu. Mmemlimia nyumba yake."

Akacheka, akanipigapiga begani. Sikumkasirikia. Hasira nayo inataka nguvu, na zangu zilikuwa zimekwisha kwenye ule mkutano.

Desturi inataka mgeni arudishwe palepale alipookotwa, la sivyo baraka hugeuka mkosi. Tukafuatana kwenda bondeni, mwenyekiti amembeba ndani ya kaniki, wanawake wakiimba. Tulipofika, nyimbo zikakatika. Vichuguu vilikuwa vimesawazishwa, udongo umepinduliwa, na trekta lilikuwa linakuja upande wetu. Mwenyekiti akazunguka akitafuta kivuli. Alikiona kichaka kimoja, akakikaribia, kumbe ni matawi yaliyokatwa yakisubiri kuchomwa.

"Nimweke wapi?" akaniuliza, kwa unyonge ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Nikawaongoza mlimani, kwenye kile kipande kilichobaki. Huko mawe ni mengi na mchwa ni haba, lakini angalau pana miti. Mama mzee alipanda akihema, akijishikiza kwenye mashina. Mwenyekiti alipoinama ili amshushe mnyama, yule mama akamzuia, akanigeukia.

"Huku sheria bado inakataza kulima?"

"Inakataza."

"Mpaka lini?"

Niliwatazama. Karibu wote walionyoosha mikono siku ile walikuwa wamesimama mbele yangu, wanahema, wananisubiri niwatulize.

"Mpaka mkutano wenu ujao, mama."

Mwenyekiti alibaki amempakata kakakuona, hamshushi.