Marika Wawili Waliogombania Kosa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka mpaka natafuta pa kushika. Na kwa kuwa umepata leseni na sasa unatembea na funguo mkononi ili watu wazione, hebu kaa hapa nikusimulie.

Ilikuwa zamani za Ujamaa. Nilikuwa msichana, karani wa pamba wa kijiji chetu upande wa Buswahili. Kijiji kilikuwa na lori moja, mali yetu sote, na dereva wake alikuwa Mjomba Wambura, kaka yake mama. Alilipenda lori lile kupita kiasi, na mke wake alikuwa akimwambia hivyo mbele za watu. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka pamba kiwandani Bunda. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwani, na turubai letu lilikuwa matundu matupu. Jasho la kijiji kizima lilikuwa ndani ya magunia yale.

Tulipokwisha kupita Butiama, ndama wakaingia barabarani. Mjomba akawakwepa, na papo hapo pikapu ikachomoza kutoka bondeni, mbio. Pua ya lori ikaukwangua ubavu wa pikapu. Mlango wa pikapu ukabonyea, taa ya lori ikapasuka, rejeta ikaanza kumwaga maji. Hakuna aliyeumia. Dagaa tu ndio waliotapakaa njiani, na kuku wa jirani wakafika kabla ya watu.

Dereva wa pikapu alikuwa Magesa, mchuuzi wa dagaa wa soko la Mwigobero, anarudi kutoka mnadani. Aliruka chini akifoka.

"We mzee, hii gari umejifunzia wapi? Na jandoni uliingia kweli wewe?"

Mwanangu, kwetu neno hilo humwambii mwanamume ukabaki salama. Mjomba akavua kofia.

"Mimi? Mimi niliingia mwaka wa nzige!"

Magesa akamsogelea, akamtazama usoni. Kisha akasema polepole, "Wa nzige? Hata mimi ni wa nzige."

Kumbe walitahiriwa mwaka mmoja, na basi ugomvi ukaishia hapo. Wanaume wale wazima wakakumbatiana katikati ya barabara, wakitukanana kwa furaha kama marika wanavyotukanana. Mama mmoja wa nyumba ya jirani akaleta ugali, dagaa waliosalimika wakakaangwa, tukala. Nilifurahi sana, ila jicho langu lilikuwa kwenye yale mawingu.

Nikamwambia Mjomba, "Lori lina bima. Lakini bila ripoti ya polisi, bima hawatengenezi."

Mjomba aliacha kutafuna. "Nimpeleke rika langu polisi? Nyangeta, unataka nisiongee tena mbele ya wazee?"

Hakuwa anatania. Watu waliotahiriwa pamoja hawashtakiani, na anayethubutu haalikwi tena popote mpaka kufa. Lakini lori ndilo lililokuwa mkono wetu, na bila lori pamba ingeozea njiani. Magesa ndiye aliyepata njia.

"Hapa hakuna wa kumpeleka mwenzake," alisema. "Tujipeleke wote."

Watu wa pale wakatusaidia kuhifadhi magunia majumbani mwao, mengine yakawekwa hata juu ya vitanda. Sisi tukapanda pikapu mpaka Bunda, mlango umefungwa kwa kamba. Tukafika mbele ya sajini wa trafiki, mtu mnene, mpole, kalamu nyuma ya sikio.

"Kosa ni la nani?" akauliza.

"Langu, afande," akasema Mjomba.

"Msimsikilize huyu," Magesa akadakia. "Ni langu mimi."

"Langu! Niliendesha hovyo."

"Mimi nilikuwaga naendesha hovyo kabla yako!"

Sajini akacheka mpaka kalamu ikadondoka. "Nimezoeaga watu wanaorushiana kosa. Nyie mnanyang'anyana!" Halafu akaacha kucheka. "Sasa nisikilizeni, wazee wangu. Nikiandika hivi, watu wa bima watasema mmepanga. Hawatalipa, na lori litakaa. Mimi sijauliza nani anampenda nani. Nataka kujua kilichotokea."

Wakatazamana. Kumbe kila mmoja alikuwa amedhani akijitwisha kosa lote atakuwa amemwokoa mwenzake.

Sajini akanigeukia. "Binti, ulikuwa mbele. Uliona nini?"

Niliogopa, mwanangu, sitakuficha. Nilijua tairi letu lilivuka katikati ya barabara. Nikilisema hilo, kijiji kingeweza kumnyang'anya Mjomba funguo, na mjomba yule ndiye aliyenilea. Nikamtazama anisaidie.

Akaniambia, "Nyangeta, mimi ni mjomba wako, siyo macho yako. Sema ulichoona."

Nikasema. Kwamba lori lilivuka katikati kwa sababu ya ndama. Kwamba pikapu ilikuja mbio, na iliposhika breki ikateleza kwenye changarawe. Sajini akauliza kama honi ilipigwa, nikasema sikusikia, maana nilikuwa naimba. Akatupeleka barabarani, akakuta alama za matairi zinasema vilevile. Akaandika hivyo. Watu wa bima walipokuja siku chache baadaye walimhoji kila mtu peke yake, wakasikia habari moja, wakakubali. Rejeta mpya ikafungwa, pamba ikatolewa majumbani, ikaingia Bunda kavu. Mvua ilitukuta tunarudi na lori tupu, tukaimba njia nzima tumelowa.

Ukabaki mkutano wa kijiji. Mjomba alisimama akaeleza yote, na tairi lake hakulificha. Mtu mmoja akadai funguo apewe mwingine. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa na maneno machache, akamuuliza, "Huyo mwingine akigonga, atatuambia?" Yule mtu akakaa chini. Mjomba akaachiwa funguo zake, na nikamwona mwanamume yule akilia hadharani bila kujifuta.

Basi, mwanangu, siku ukigusana na gari la mtu, hata kama ni mkwaruzo, usikimbie na usimalizane naye kichochoroni. Tazameni kwanza kama kuna aliyeumia. Kisha nendeni polisi, na bima uwaarifu mapema. Usimtupie mwenzako kosa, wala usijitwishe lote kwa huruma. Eleza kilichotokea, na ambacho hukukiona, sema hukukiona. Kumpenda mtu hakukuzuii kusema tairi lake lilikuwa wapi. Mimi nilisema la Mjomba, na ndivyo alivyobaki dereva wetu mpaka alipozeeka.

Mungu akupe breki zinazoshika na barabara isiyo na ndama. Na siku ndama wakikosa kukupisha, akupe shahidi anayekupenda na asiyekudanganyia. Nenda salama, mwanangu, na urudi hivyo hivyo.