Dawa ya Macho Kambini Ugalla

Mume wangu Gelasius alikuwa mrina asali, na nyie mnaomsifia leo mjue kilichompofusha ni wema wake wa kijinga. Ndiyo, wa kijinga, nasema mimi mkewe.

Mwaka wa hamsini na sita jicho lake la kushoto lilikufa kimyakimya. Tukapanda treni mpaka hospitali ya misheni. Daktari akamwambia maji ya ndani ya jicho yanabana na kuua mshipa wa kuonea. Lililokufa halirudi, ila la kulia linaweza kuokolewa. Akampa kichupa cha dawa: tone moja asubuhi, moja jioni, maisha yake yote, hata kama haliumi. Anawe mikono, mrija wa kudondoshea usiguse jicho, akishatia afumbe na kubonyeza kona ya jicho penye pua.

"Dawa hii ni yako peke yako," akasema. "Kabla haijaisha, njoo uchukue nyingine."

"Ndiyo, bwana daktari."

Nyumbani alifuata vizuri. Alilalamika tu kwamba tangu aanze dawa giza la jioni linamuwahi. Nikamwambia bora hilo kuliko giza la mchana.

Msimu wa kurina ukafika, wanaume wakaingia pori la Ugalla. Sisi wanawake kambini hatuendi. Na kambi yao ilikuwa na mwiko: chumvi, tumbaku, dawa, cha mmoja ni cha wote, na anayeficha chake nyuki wanahama mizinga. Upuuzi mtupu! Lakini Gelasius aliuamini kama katekisimu.

Moshi ukawawasha macho. Wa kwanza kuomba alikuwa binamu yake, Isidori: "Kaka, nitilie na mimi." Akatiliwa. Kesho yake wakapanga foleni, mrija ule ule, jicho hadi jicho. Kichupa kikakauka msimu ukiwa bado mbichi. Angeondoka kufuata dawa, wangesema amewatoroka, basi akabaki. "Jicho lilikuwa haliumi," aliniambia baadaye. Haliumi! Daktari si alimwambia?

Alirudi ameshikwa mkono. Nilimwona anapapasa mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, nikalia kwa hasira. Tulirudi hospitali. Daktari akamulika jicho, akasema nalo limekufa.

Baadaye Isidori akaja na kibuyu cha asali, macho maangavu hayana hata wekundu, akavuta kiti.

"Kaka, dawa yako ile, we acha tu! Kichwa kiliuma kidogo, lakini sasa naona mpaka nyuki juu ya mti. Ukienda tena, niombee na mimi kichupa."

"Ule ulikuwa moshi!" nikafoka. "Ungenawa maji ya mtoni ukapona! Umeosha moshi kwa jicho la mume wangu, halafu unakuja kuomba tena? Toka!"

Gelasius akageuza uso kwangu, akanikaripia mimi.

"Mama Kasilda, mgeni hafukuzwi. Mpe ndugu yangu kiti."

Isidori alikuwa ameshakaa, mbele yake kabisa.