Boksi la Spika Lililokuja Bila Kuombwa

Shida zangu zilianza mwaka 1968, nikiwa na miaka tisa. Baba alifariki, ndugu zake wakagawana mikorosho, mimi na mama tukabaki na jembe. Shule niliiachia darasa la pili. Nasema mapema ili mtu asinitafutie vyeti. Sina.

Nilibeba chumvi kwa baiskeli kutoka Lindi hadi Mtama, nikapandisha na Rondo, mpaka enzi za ruksa zilipofika na vitu vya Uarabuni vikajaa madukani. Wenzangu walinunua redio za kusikilizia barazani. Mimi niliuza baiskeli, ufuta na mbuzi wa mama, nikanunua amplifaya ya gitaa la besi na boksi lake la spika. Walinicheka. Magitaa madogo yalikuwepo kila kona, lakini harusi bila besi ni kama pilau bila nyama, na mwenye besi nilikuwa mimi. Yaani mimi na mtu mmoja wa Mtama.

Kabla sijamfikia huyo, kuna kitu kinaitwa omu. Kimeandikwa nyuma ya kila spika na wengi wanakisoma vibaya, wanadhani nane ina nguvu kuliko nne. Omu ni ubishi wa spika kwa umeme. Ya nane inabisha sana. Ya nne inabisha kidogo, kwa hiyo inanyonya umeme mwingi. Ukifunga mbili za nane sambamba, zinanyonya kama moja ya nne. Amplifaya yangu mwisho wake ni nne. Ukishuka chini ya hapo inachemka, inanuka, halafu huna tena amplifaya, una bati. Haya nilifundishwa na fundi redio wa Lindi niliyekuwa nampelekea chumvi. Alinipa na testa yake kuukuu, kile kipimo cha mshale cha kusomea omu.

Sasa huyo wa Mtama. Tulikuwa rika moja, kazi moja, na hatukupendana. Amplifaya yake iliungua katikati ya harusi. Hakusema imeungua, alisema imeunguzwa. Akasambaza kwamba kuna mkono wa mtu, na mtu mwenyewe zamani alikuwa anauza chumvi. Watu si wajinga, walielewa. Rondo wakaacha kuniita. Mtama wakaacha. Ikabaki harusi moja, Kiswere. Amplifaya ikifia pale, ningerudi kwenye chumvi, tena safari hii kichwani, maana baiskeli nilishaiuza.

Nilifika Kiswere asubuhi na mpigaji wangu wa besi, aliyewahi kupigia bendi ya kiwanda cha korosho kabla kiwanda hakijafungwa. Baba wa bibi harusi akatupokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio wa Mtama kaleta mchango. Boksi la spika, lile pale. Anasema uliunge na la kwako, harusi isikike mpaka kijiji cha pili."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja alasiri. Kasema alikute linapiga."

Mtu anayenitangaza mchawi ananiletea spika. Kwa mapenzi gani? Ila kwetu mchango wa shughuli haurudishwi. Mtu akileta mchele wenye mawe, unapokea, unashukuru, unachambua mawe kimya kimya. Kuurudisha ni kumtukana mwenye harusi. Na yule wa Mtama alilijua hilo.

Nyuma ya boksi palikuwa na kibati cha kiwandani: nane. Langu pia nane. Hesabu inakubali.

"Unga, kaka," mpigaji akasema. "Leo masinia yatacheza yenyewe jikoni."

"Subiri."

"Unaogopa boksi?"

"Namwogopa aliyelileta."

Nikatoa testa. Spika nzima ya nane husoma sita au saba hivi. Langu likasoma hivyo. La kwake, mshale ukaishia tatu na kitu.

"Testa yako imezeeka," akasema mpigaji.

"Imezeeka kwa boksi lake tu?"

Nikachukua bisibisi nikafungua mgongo. Humo ndani kulikuwa na utando wa buibui, umetanda kutoka ubao hadi sumaku, mzima, na vumbi lake. Nikaupangusa nisome. Mgongoni mwa spika: nne. Nje nane, ndani nne. Ningeliunga na langu sambamba, amplifaya ingebaki na omu pungufu ya tatu.

Nilitukana. Halafu nikaufikiria ule utando. Buibui hajengi kwa siku moja. Boksi halikuwa limefunguliwa kitambo, pengine tangu dukani. Basi hata yeye aliuziwa hivyo hivyo, na alipoliunga na jingine ndilo lililomuunguzia amplifaya yake.

Nikarudisha ubao. Sikuyafunga sambamba, niliyafunga yakafuatana, umeme upite langu ndipo uingie lake. Hapo ubishi unajumlishwa: nane na nne, kumi na mbili. Amplifaya inapumua, ila sauti inapungua. Kina mama wakaanza kunizomea, "Besi lenu lina mafua? Linywesheni tangawizi!"

Alasiri akaja, kanzu imepigwa pasi. Hakumtazama bibi harusi. Alikaa karibu na amplifaya, na kila wimbo ukiisha anaigusa mgongo. Nikamfuata.

"Unatafuta nini hapo, bwana?"

"Haijapata moto?"

"Ulitaka ipate?"

Akainua sauti, watu wasikie. "Nilisema moyoni, nitampelekea boksi lililokuwepo siku amplifaya yangu inaungua. Na ya kwake ikiungua, basi ni bahati mbaya, nitamwomba radhi. Isipoungua, ni yeye aliyeniroga. Haya, haijaungua!"

Kuokoa amplifaya yangu ndiyo ukawa ushahidi. Nikazima muziki, nikafungua ubao mbele ya kadamnasi, nikamwonyesha kibati, nikamwonyesha spika.

"Soma. Nje nane, ndani nne. Wewe na mimi tumeponzwa na mwenye duka."

Alisoma, tena akasoma. Kisha akaniangalia machoni.

"Umeshinda nalo tangu asubuhi. Umeibadilisha spika."

"Kulikuwa na utando wa buibui, mpigaji kauona!"

"Mpigaji wako," akasema. "Na huo utando uko wapi?"

Kidole changu kilikuwa bado kina vumbi lake. Ningemwita mzee wa nyumba kabla sijafungua, habari ingekuwa nyingine. Yule bwana akaondoka bila kula, na boksi akaliacha. Nilimpelekea ujumbe alifuate. Akajibu kwamba kitu kilichopita mikononi mwangu hakirudi kwake.

Rondo hawajaniita hadi leo. Nilihamia Kilwa, ambako chumvi yangu hawaijui, nikaanza upya.

Leo nina nyumba ya tofali na bati. Nina shamba la mikorosho, hati kwa jina langu. Nina baiskeli. Nina amplifaya ileile, nzima. Nina maboksi ya spika, yote nimeyapima mwenyewe. Na nina boksi moja lisilo langu, kibati kinasema nane. Halijafunguliwa tangu Kiswere. Buibui watakuwa wameshajenga tena humo ndani, na atakayetaka kulifungua aje na mashahidi wake.