Mzee Kifuniko Anakunywa Nini?

Mtaani walimwita Mzee Kifuniko, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Akiona kopo limeachwa wazi, hata la jirani, hata la mtu asiyemjua, alikuwa radhi akatize mazungumzo ya watu akalifunike. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza bohari: upande huu magunia ya kahawa, upande ule masanduku ya majani ya chai, na katikati ukuta alioupigania mwenyewe mpaka mabosi wakachoka, wakaujenga. "Chai ni mbea," aliwaambia wapagazi. "Haiwezi kusikia harufu ya jirani ikanyamaza." Siku moja alimrudisha nyumbani karani mzima na suti yake kwa sababu ya manukato. Karani akaenda kushtaki kwa bosi. Bosi, ambaye naye alikuwa amejipulizia, hakuthubutu kutoka ofisini siku hiyo.

Nyumbani kwake ndiyo usiseme. Kopo la chai lilikaa kabati la juu, mbali na vitunguu na sabuni. Kahawa ilikaa gizani, kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, na ilisagwa asubuhi kiasi cha siku hiyo tu. Ole wake aliyechota kwa kijiko chenye maji. Vinywaji vya asubuhi alivitengeneza mzee mwenyewe, na hakukosea hata mara moja: mkewe, Mungu amrehemu, chai kavu bila sukari; kwa watoto, kaka mkubwa kahawa nzito; dada wa katikati kahawa iliyozidiwa na maziwa. Kitindamimba, binti ambaye hadi leo anaitwa Kitinda ingawa ni fundi cherehani mwenye wateja wake, chai ya maziwa yenye tangawizi. Wote wakishamiminiwa, yeye alikunywa kilichobaki kwenye birika lolote. Hakuna aliyeangalia ni lipi.

Kisha kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Hospitali walipomruhusu, Kitinda alihamishia cherehani yake chumbani kwa baba ili ashone huku anamwangalia. Chakula laini mzee alimeza kidogo kidogo, lakini kinywaji alikifungia mdomo kabisa.

Muuguzi alikuja kumwona, akabana ngozi ya mkono wake kwa vidole viwili. Ngozi ikabaki imesimama.

"Maji yamempungua huyu," akasema. "Mkalishe wima, mpe kwa kijiko, taratibu. Kesho nikija nikikuta bado hanywi, itabidi arudi wodini atundikiwe dripu."

Mzee alisikia, na machozi yakamlengalenga. Wodini alikuwa amelia kila siku kama mtoto aliyesahauliwa shuleni, na Kitinda alikuwa amemwahidi kwamba hatamrudisha.

"Sasa nimpe nini, dada? Maji nimejaribu, juisi nimejaribu."

"Mpe anachokipenda. Si mnakijua nyinyi?"

Kitinda alimsindikiza muuguzi hadi mlangoni.

Akampigia simu kaka yake, dereva wa lori. "Kahawa," kaka akasema hata bila kufikiri. "Mimi na mzee tulikunywa kahawa pamoja miaka yote. Wewe ulikuwa mdogo, unajua nini?"

Akampigia dada. "Kahawa wapi!" dada akacheka. "Mzee ni mtu wa chai. Alikuwa anamalizia ya mama mpaka inabaki majani matupu. Huyo kaka yako akipenda kitu, anadhani dunia nzima inakipenda."

Wakaunganishwa kwenye simu moja, wakagombana kweli kweli, kila mmoja na ushahidi wake, huku mzee amelala pale pale anasikiliza. Kuuliza si ujinga, tunaambizana kila siku. Watoto watatu, wazima, wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza baba yake. Si kwamba walikuwa watoto wabaya. Walikuwa wamezoea kuhudumiwa, na hilo nalo lina ubaya wake. Kitinda alikata simu kwa aibu.

Jikoni akakuta kopo la chai liko wazi karibu na vitunguu, na chupa ya kahawa haina kifuniko. Katika hekaheka za ugonjwa hakuna aliyekumbuka. Akaonja chai, akasikia kitunguu. Akaonja kahawa, ikawa kama vumbi. Kumbe! Mzee gani wa bohari angekunywa uchafu ule? Akatoka mbio hadi dukani, akanunua vyote vipya, akarudi ana matumaini. Akatengeneza kikombe cha kahawa na kikombe cha chai, akangoja vipoe, akaenda kumkalisha baba wima.

Kijiko cha kahawa: mzee akabana midomo. Kijiko cha chai: kikamtiririkia kidevuni. Kitinda akamfuta, akajaribu tena, ikawa vile vile.

"Baba, nakuomba. Nionyeshe kwa mkono tu. Hiki, au hiki?"

Akavisogeza vikombe vyote viwili mbele yake. Mkono wa kushoto ukainuka polepole, ukagusa kikombe cha chai. Chai! Lakini mkono haukuvuta. Ulikisukuma kikombe kuelekea kwa binti, chai ya maziwa yenye tangawizi, jinsi Kitinda alivyoitengeneza kwa mazoea yake mwenyewe, mpaka kikamgusa kifuani. Kisha ukaangukia kwenye shuka.

"Ndiyo, baba, hii ni yangu," akasema. "Yako je? Yako ni ipi?"

Mzee akamtazama tu. Huenda hakuelewa swali. Huenda alilielewa vizuri, ila ni miaka mingi mno tangu mtu amuulize, na jibu lilishampotea. Kitinda aliviweka vikombe chini, akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti. Alichoka. Hakujua afanye nini tena, na kesho muuguzi angekuja.

Alipoinua uso, alimkuta baba yake amefungua mdomo.

Akampa kahawa kwa kijiko, huku machozi yanamtoka. Mzee akameza. Akampa chai. Akameza pia, bila kubagua, jicho lake halibanduki usoni kwa binti yake. Kijiko kikafuata kijiko, mpaka Kitinda akajifuta machozi na kutabasamu. Mzee aliliona tabasamu hilo, akaridhika, akafunga mdomo. Vikombe vyote viwili vilikuwa bado nusu.