Sauti Safi, Hakuna Matusi

Mama Mkasi alikuwa akilipwa ili achukizwe. Kila filamu ilipita kwake kabla ya kufika kwenye majumba ya sinema, aitazame, aipangie umri, kisha awaandikie wazazi mistari michache ya kuwaonya. Jina hilo alibandikwa na wenzake enzi za kukata vipande vya filamu kwa mkasi, likamganda hata watoto wa jirani wakadhani ni fundi cherehani.

Alikuwa na mtindo wake. Kwanza alitazama picha bila sauti, kuwinda damu na uchi. Baadaye aliipa skrini mgongo, akamenya chungwa na kusikiliza sauti peke yake, kuwinda matusi. Aliamini uchafu wote hauna mlango wa tatu.

Siku hiyo ilikuwa filamu ya msichana anayeichukia sura yake. Msichana huyo alikwenda kwa madaktari wa urembo akapasuliwa, akarudi, akapasuliwa tena. Lo, balaa gani hilo. Ngozi inachorwa kalamu kama kitambaa cha kukatwa. Pua inavunjwa kwa nyundo ndogo. Mafuta ya tumbo yananyonywa kwa mrija na kujaa kwenye chupa, ya manjano, yenye mapovu juu. Mama Mkasi, pamoja na ugumu wote wa roho yake, alihisi mate ya kichefuchefu yamemjaa mdomoni.

"Miaka kumi na nane," alimwambia fundi mitambo aliyekuwa akimwonyesha filamu. "Ningekuwa na uwezo, ningesema themanini."

Bintiye wa miaka kumi na minne alikuwa amembembeleza asiifungie, maana shuleni kwao hakukuwa na habari nyingine. Lakini huyo binti ndiye hasa aliyetaka kumlinda. Hakutaka mwanawe aone uso ukishonwa, akaja kudhani uso ni nguo.

Mchana aligeuza kiti, akamenya chungwa. Mama wa yule msichana wa filamu alisikika akisema kwa upole, huku akicheka: "Njoo, geuka nikuone. Vuta tumbo ndani. Na hiyo pua umeitoa kwa nani, mwanangu?"

"Huyu mama ananitia kichefuchefu," fundi alisema.

"Hajatukana. Sauti safi." Akajitupia kipande cha chungwa mdomoni.

Alipofika nyumbani alimkuta binti mbele ya kioo, ameibana pua kwa kibanio cha nguo, anahema kwa mdomo, machozi na kamasi vimechanganyika mpaka kidevuni. Mama alikichomoa kibanio. Ngozi ilikuwa imechubuka pande zote mbili na kutoa majimaji.

"Nani kakufundisha upuuzi huu? Ile filamu umeiona wapi?"

"Filamu gani, mama, na umeifungia?" Binti alijifuta kwa kiganja. "Si wewe unaivuta pua yangu kila asubuhi? Unasema tuivute kidogo kidogo, huenda ikatii. Nikaona vidole vinachelewa kuinyoosha." Akainua uso. "Imesimama kidogo?"

Mama Mkasi alitaka kumwambia ni nzuri. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshamshika kidevu na kumgeuzia kwenye taa, kumkagua. Aliviona, akavitoa haraka kama aliyegusa kitu kilichooza. Binti naye akadhani kilichooza ni uso wake.

Kesho yake aliwahi kazini kabla binti hajaamka. Alimwomba fundi amwekee pale mama anapocheka, sauti tu. Kabla kicheko hakijaisha alikimbilia kwenye sinki, akatapika chai yote.

"Dada, hapo mbona hakuna damu," fundi alisema, akimpa maji.

"Ndiyo maana nilipapita." Alijinyunyizia maji usoni. "Futa ile 'sauti safi' kwenye ripoti. Umri ubaki, ila onyo lianze na huyu mama. Damu ije baadaye."

Jioni alimwambia binti mara kadhaa kwamba pua yake haina kasoro na haijawahi kuwa nayo. Binti aliitikia "sawa, mama" bila kumtazama.

Asubuhi iliyofuata binti alisimama mlangoni na mkoba mgongoni, ameinua uso, amefumba macho, anasubiri kuvutwa kama kawaida. Mama Mkasi alificha mikono nyuma.

"Leo huivuti?" Binti alifumbua macho. "Basi umeshaikatia tamaa."