Nyama ya Kalulu

Kisu kinaponolewa kwenye ngazi ya saruji hutoa mlio mkavu, wa kujirudia. Juzi niliusikia kwa jirani, nikashindwa kuendelea kuandika tasnifu yangu.

Utotoni, nyumbani kwetu Kikula, mlio huo ulimaanisha samaki, na paka wetu alikimbia kudai vichwa. Tulimwita Shefu, yaani bosi, kwa sababu alilala ndani ya kofia ya baba ya kiwandani. Alasiri ile nilijilaza mkekani, naye akikoroma juu ya tumbo langu, manyoya yake yakinukia moshi wa makaa. Kiwanda kilikuwa kimenyamaza siku nyingi, na mishahara haikuja tena. Nje, baba alianza kunoa. Shefu aliruka, akatoka mbio.

"Shefu anaenda ku kazi!" nilisema nikicheka. Baba hakucheka.

Jioni mama aliniwekea bukari, ugali wetu, na nyama yenye mifupa midogo.

"Kula, mutoto. Ni kalulu, baba yako aliikamata ku pori."

Nilifurahi kwamba tumepata sungura. "Na Shefu, tumubakizie mifupa?"

"Kula," alisema mama, akageukia ukuta.

Tangu nisikie kisu cha jirani juzi, nilikuwa nimepima kila uwezekano: huenda Shefu, ambaye hatukumwona tena, alihama, huenda sungura alikuwapo kweli. Hatimaye nilimpigia mama simu.

"Mama, ile nyama ya siku ile ilikuwaka ya nini?"



"Kalulu, mutoto wangu."

"Ndiyo, mama," nilisema. "Ilikuwaka tamu."