Macho ya Paka Msituni Tallbäcken

Mwezi wa Novemba huko Tallbäcken, kijiji cha kaskazini ya mbali, jua huzama saa tisa alasiri, na watoto wakitoka shule hukuta giza limewatangulia nyumbani. Aliyekuwa akiwatoa nje kucheza katika giza hilo, mwaka baada ya mwaka, ni Gunvor Åström, mpishi wa shule. Siri yake ilikuwa moja: kijiji kizima hakikuwa na mtu aliyeogopa giza kama yeye.

Hofu hiyo ilimwingia akiwa na miaka sita. Baba yake alimtuma zizini kufuata ndoo ya maziwa, upepo ukazima kandili, naye akabaki humo amekumbatia mguu wa ng'ombe mpaka walipokuja kumtafuta. Walimcheka wiki nzima. Tangu hapo hakumwambia mtu. Hata marehemu mumewe, aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na minane, alikufa akiamini kwamba taa ya jikoni huachwa ikiwaka kwa ajili ya paka.

Lakini alipowaona watoto wameganda mbele ya televisheni kuanzia Oktoba mpaka Machi, aliona uchungu. Alijisemea kwamba mtoto akizoea kucheza gizani, giza halitamtawala ukubwani. Basi akakusanya vile vipande vya kung'aa vya nyuma ya baiskeli, ambavyo watu wa kule huviita macho ya paka. Akapigilia arobaini kwenye misonobari, kila mti jicho moja, kila baada ya hatua thelathini, njia ikazunguka msitu na kurudi penye moto wa kuchomea soseji. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni watoto walikuja na tochi zao kuyatafuta.

"Tochi shavuni!" ndivyo alivyowafunza. "Ukiishika kiunoni utamulika mpaka kesho usione kitu. Jicho la paka humrudishia mwanga aliyeishika tochi usawa wa jicho lake mwenyewe. Haya, fuateni macho. Macho yatawaleta kwenye soseji."

Alhamisi moja walikuja watoto kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa Tuva, wa miaka saba, mjukuu wa Holger dereva wa trekta, na ilikuwa mara yake ya kwanza. Watoto wa kule, majira hayo, huning'iniza kipande cha kung'aa kwenye koti ili madereva wawaone barabarani. Gunvor alivivua vyote akavitia kapuni. Wiki iliyopita kuna waliofuata koti la mwenzao wakidhani ni mti, wakaishia nyuma ya ghala la kuni.

"Sasa umewaacha uchi," Holger akamwambia huku akichochea moto.

"We chunga soseji zako. Juzi umetulisha makaa."

"Afadhali makaa. Kakao yako hiyo si ndiyo maji uliyooshea sufuria?"

Watoto wakaangua kicheko, wakaingia msituni wawili wawili, tochi mashavuni.

Baada ya nusu saa hivi walirudi, makamasi yanawachuruzika, kila mmoja anadai ameyaona yote arobaini. Gunvor akahesabu vichwa. Kumi na mmoja. Akahesabu tena, safari hii akigusa kofia moja moja. Kumi na mmoja.

"Tuva yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu," akajibu msichana aliyetembea naye. "Alisema ameona macho mawili pembeni, eti sisi tunayapita mazuri."

"Mawili?"

"Yamekaa pamoja, Shangazi. Nikajua anafuata."

Gunvor akageukia msitu. Hakuwahi kupigilia macho mawili kwenye mti mmoja. Na upande huo wa pembeni ulikuwa wa kinamasi, ambacho mwaka ule kilikuwa bado hakijaganda.

Holger alitupa kijiti cha soseji, akachukua taa kubwa ya trekta, akaanza kuita "Tuva! Tuva!" akimulika huku na huku. Watoto nao wakapiga kelele, wadogo wakaanza kulia. Mwanga wote ule ukaingia msituni usirudi na kitu. Kile ambacho kingeng'aa kifuani kwa Tuva, samaki mdogo wa plastiki, kilikuwa kapuni. Gunvor alikiona pale juu kabisa.

"Nyamazeni! Zimeni tochi zote. Holger, zima hiyo."

"Umerukwa na akili? Mtoto yuko gizani, mimi nizime taa?"

"Na yeye ana tochi. Tutaionaje, nasi tunawaka hapa kama harusi? Zima, ukae na hawa kumi na mmoja, asipotee wa pili. Kinamasi mimi nakijua, nachuma matunda humo kila mwaka."

Alitumia sauti yake ya jikoni, ile isiyojibiwa. Holger akazima.

Akaingia peke yake. Alifika kwenye jicho la kumi na tatu, pale njia inapopinda kando ya kinamasi, akamulika pembeni. Macho mawili yakamtazama. Ya kijani, usawa wa kifua cha mtoto. Mara macho yakapepesa.

Paa, akajiambia. Ni paa tu, mla majani. Akili ilisema paa, mwili ukasikia shetani. Yule mnyama alijongea hatua chache, akageuka kumtazama, akajongea tena. Hapo Gunvor akaelewa mtoto alivyokwenda: hatua kwa hatua, kwa utii wote, kama alivyoambiwa.

Akafuata. Ardhi ikalainika, buti likazama, maji ya baridi yakamjaa unyayoni. Hakuona dalili ya mtoto. Ili aione tochi nyingine ilimbidi azime yake, na kidole kilikataa. Alikikazania, kikakataa. Akakiminya kwa mkono wa pili.

Giza likamfunika. Lilikuwa zito, lina harufu ya tope, naye alisikia kitu kikihema karibu na sikio lake mpaka akagundua ni yeye mwenyewe. Kisha akagundua kwamba amefumba macho. Kuyafumbua kulimshinda kuliko kuzima tochi. Alipoyafumbua, kushoto, chini chini, aliona wekundu hafifu kama kaa linalokufa: tochi inayoishiwa betri.

"Tuva?"

Halafu mnong'ono: "Usipaze sauti, Shangazi. Yanatuangalia."

Mtoto alikuwa juu ya kichuguu cha ukoka katikati ya maji, amekumbatia msonobari mwembamba, maana shuleni walifundishwa ukipotea kumbatia mti usiondoke. Buti moja lilikuwa limeliwa na tope. Gunvor alitambaa kwa mikono na magoti akipapasa nyasi, maji yakampanda mapajani, mpaka akaishika kola ya lile koti.

"Macho yako mabaya," Tuva akasema, meno yanagongana. "Yanatembea."

"Yale si yangu, mwanangu. Yale yana mwenyewe. Nishike shingo, usiachie hata nikianguka."

Akampandisha mgongoni, akageuka asijue ametokea wapi. Sauti ilimtoka ambayo hakujua anayo: "Holger! Washeni! Washeni zote!"

Mbele yake, mbali kidogo kulia, msitu ukawaka. Akaufuata mwanga huo hatua kwa hatua, anapima kwa ncha ya buti kabla ya kukanyaga, mpaka Holger alipomvua mzigo mgongoni. Mzee yule alimvisha mjukuu koti lake, akamvua soksi zilizolowa, akazisugua nyayo zake kwa viganja vyake vikubwa.

"Kosa langu," Gunvor akasema. "Nisingewavua vile vipande ungemwona toka hapa."

"Ungekuwa wewe mtu wa kuogopa kama mimi," Holger akajibu bila kuinua uso, "sasa hivi tungekuwa bado tunapiga kelele."

"Kunywa kakao yako."

Wazazi walipokwisha kuwachukua watoto, Gunvor alibeba kapu lake akasimama kando ya trekta. Nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili tu, barabara iliyonyooka, giza tupu.

"Nifikishe," akasema.

Holger alimtazama, akatazama barabara, akafungua mlango.